Ngazi Zilizorefuka: Ugumu na Kukwama katika Historia ya Michezo ya Midundo

Michezo ya midundo ni aina ya michezo ya video inayomtaka mchezaji abonyeze, agonge au akanyage sawasawa na mapigo ya muziki, huku alama zinazopita kwenye skrini zikimwonyesha atumie kitufe kipi na wakati gani. Mpangilio wa alama hizo kwa wimbo mmoja, ambao wachezaji huuita chati, ndio unaobeba ugumu wote, kwa kuwa wimbo hubaki uleule ilhali chati yake yaweza kuwa na nota chache zinazofuatika hata na mtoto, au ikawa na nota 2,000 zinazomshinda mtu mzima mwenye mazoezi ya miaka mingi. Kwa sababu hiyo kukwama ni sehemu ya maumbile ya michezo hii, na historia yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ni historia ya namna watengenezaji na wachezaji walivyoshughulika na mtu aliyekwama, mara wakimwongezea vikwazo, mara wakimtafutia njia. Ukiifuatilia historia hiyo kwa makini, hasa nchini Japani ambako michezo hii ilikomaa, utaona kwamba kilichowavunja moyo wachezaji kuliko ugumu wenyewe ni vipimo visivyowaambia ukweli kuhusu mahali walipofikia.

Mwanzo haukuwa mkali. PaRappa the Rapper, mchezo uliobuniwa na mwanamuziki Masaya Matsuura na kutolewa Japani mwezi Desemba 1996 kwa mashine ya PlayStation, ulimpima mchezaji kwa hukumu nne tu, kuanzia ya sifa hadi ya aibu. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1997, kampuni ya Konami ilipeleka kwenye kumbi za michezo mashine iliyoitwa beatmania, yenye vitufe 5 na sahani ya santuri ya kusuguliwa kwa mkono kama wafanyavyo madijei, na mwaka 1999 ikafuatiwa na beatmania IIDX yenye vitufe 7. Mashine hizi zilileta mambo mawili yaliyobadilisha hali ya mchezaji. La kwanza ni fedha: kila mchezo ulilipiwa kwa sarafu, kwa kawaida ya yeni 100, na katika mashine za mwanzo aliyeshindwa wimbo wa kwanza aliondoka bila kuufikia wa pili. La pili ni kipimo cha uhai wa mchezaji, na hicho kinastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndicho kilichozalisha huzuni ya namna ya pekee.

Katika beatmania IIDX kipimo cha kawaida huanza kwenye asilimia 22, hupanda kila nota ipigwapo vizuri, hushuka kila ikosewapo, na wimbo unapokwisha ni lazima kiwe kimefika asilimia 80. Mchezaji anaweza kuteleza katikati ya wimbo akajirekebisha, na kinyume chake anaweza kucheza vizuri kwa dakika nzima kisha akaporomoka katika sekunde za mwisho, ambako watunzi wa chati wana mazoea ya kurundika nota. Kwa vile kipimo husogea kwa hatua za asilimia mbili, mtu hushindwa kwa kubaki kwenye 78, na wachezaji wa Japani huitaja namba hiyo kwa uchungu usiohitaji maelezo. Juu ya hayo, hukumu ya juu kabisa hutolewa kwa nota iliyopigwa ndani ya takriban milisekunde 17 kabla au baada ya wakati wake, yaani muda wa picha moja katika skrini inayobadilisha picha 60 kwa sekunde. Chombo kinachopima kwa ukali namna hiyo humwonyesha mtu upungufu ambao hakujua kuwa anao, na katika burudani nyingine asingeambiwa kamwe.

Waliolipa sarafu nyingi zaidi walikuwa ndio wale wale waliobobea, na wao walitaka kitu ambacho hawajakiweza. Hapo ngazi zikaanza kurefuka upande wa juu. Dance Dance Revolution, mchezo wa Konami wa mwaka 1998 ambao mtu hukanyaga mishale minne kwa miguu, ulipanga nyimbo zake kwa picha za nyayo, na kwa muda nyayo 9 zilitosha. Mwaka 2001, katika toleo la DDRMAX, ukaingizwa wimbo wa MAX 300, ambao kama jina lake linavyodokeza una mapigo 300 kwa dakika, hivi kwamba pigo moja huchukua sehemu moja ya tano ya sekunde na nusu pigo sehemu moja ya kumi. Wimbo huo haukuwekwa kwenye orodha ya kawaida: aliyepata alama za juu katika wimbo wake wa mwisho, tena kwenye chati ngumu, ndiye aliyefunguliwa hatua ya ziada, na humo alikabidhiwa MAX 300 pamoja na kipimo kinachoshuka tu bila kupanda tena. Zawadi ya umahiri ilikuwa mtihani mkali kuliko ule uliopita. Utaratibu huo ulipendwa, ukaigwa na michezo mingi iliyofuata, na ni haki kusema kwamba uliipa michezo hii nyakati zake tukufu. Lakini uliwafundisha watunzi kwamba wimbo wa kukumbukwa ni wimbo unaoshinda watu.

Madhara yake yalionekana kwenye namba. Mwaka 2005 beatmania IIDX, iliyoanza na madaraja 7, ilipanga upya nyimbo zake kwa madaraja 12 katika toleo la Happy Sky, na mwaka 2008 Dance Dance Revolution X ikaacha nyayo 10 ikashika kipimo cha 1 hadi 20. Hata pop'n music, mchezo uliotolewa mwaka 1998 ukiwa na vitufe 9 vikubwa vya rangi za kupendeza ili uwavute wale walioogopa mashine za madijei, uliishia kuwa miongoni mwa michezo inayotisha zaidi katika kumbi hizo. Mchezaji mpya aliyefika mwaka 1998 alikuta ngazi fupi ambayo hata wenyeji walikuwa bado wanaipanda; aliyefika miaka kumi baadaye alikuta wenyeji wako mbali, na kati yake na wao pana safari ya miaka.

Hali ya mtu aliyekwama ilikuwa imechunguzwa na wanasaikolojia karibu karne moja kabla. Mwaka 1897 na 1899, William Lowe Bryan na Noble Harter walichapisha nchini Marekani tafiti kuhusu wanafunzi wa telegrafu, yaani watu waliojifunza kutuma na kupokea ujumbe kwa milio mifupi na mirefu, kazi ambayo nayo ni ya mdundo. Waliona kwamba uwezo wa kupokea hupanda, kisha hutulia kwa majuma mengi ambamo mazoezi hayaonyeshi tija yoyote, halafu hupanda tena. Walikiita kipindi hicho uwanda, wakakifafanua kwa kusema kwamba mwanafunzi husikia kwanza herufi mojamoja, baadaye maneno, na hatimaye vifungu vizima, na kwamba hawezi kuvuka kutoka hatua moja hadi nyingine mpaka ile ya chini iwe mazoea yasiyohitaji kufikiriwa. Watafiti waliofuata walitilia shaka kama uwanda huo humpata kila mtu, na mwaka 1958 Fred Keller aliandika makala iliyouita mzuka. Ubishi huo haujaondoa thamani ya maelezo ya Bryan na Harter kwa anayetazama michezo ya midundo, kwa kuwa mchezaji wa beatmania IIDX naye huanza kwa kuona nota mojamoja, kisha huona mafungu, na aliyebobea huona umbo zima likishuka, mikono yake ikijua la kufanya kabla hajaliwazia. Anayekwama mara nyingi amesimama kati ya hatua hizo, na kwa kuwa kipimo cha mashine hakioni yanayotengenezwa ndani yake, humwambia kila siku kwamba hajasogea.

Baadhi ya msaada ulitoka mahali pasipotarajiwa. Wengi walidhani chati nzito ilikuwa inaishinda mikono, kumbe kwanza ilikuwa inayashinda macho: nota zinaposhuka polepole hubanana kwenye skrini, na katika wimbo wenye nota nyingi huwa kama ukuta usiosomeka. DDRMAX, toleo lilelile lililoleta MAX 300, lilimpa mchezaji uwezo wa kuongeza kasi ya mishale bila kubadilisha wimbo, na mishale iliyokwenda kasi ikaachana, ikasomeka. Mtazamaji asiyejua huona mambo yamefanywa magumu zaidi, ilhali yamerahisishwa. Uvumbuzi huu haukupunguza nota hata moja wala haukulegeza hukumu yoyote, na pengine hakuna kitu kingine kilichowavusha watu wengi kama huo, kwa sababu ulitenganisha udhaifu wa kusoma na udhaifu wa kutenda, na mtu akaweza kushughulikia mmoja kwa wakati wake.

Uvumbuzi wa pili wenye uzito ulikuwa mtihani wa madaraja ulioingizwa katika beatmania IIDX 7th Style, toleo la mwaka 2002. Mchezaji hupewa nyimbo nne mfululizo kwa kipimo kimoja kisichojazwa upya kati ya wimbo na wimbo, na akifika mwisho hutunukiwa cheo. Vyeo vya chini huitwa kyū na vya juu dan, mfumo ambao Wajapani waliuzoea kutoka mchezo wa go na kutoka judo, ambamo Kanō Jigorō alitoa dan za kwanza mwaka 1883. Juu ya dan ya 10 baadaye kikawekwa cheo cha kaiden, jina linalotokana na hati ya zamani ya kumthibitisha mwanafunzi aliyefundishwa yote ambayo mwalimu wake alikuwa nayo. Tofauti yake na kipimo cha kawaida ni kubwa. Kushinda wimbo mmoja kwaweza kuwa bahati, au kwaweza kutokana na kuurudia mpaka umekaririwa, bali nyimbo nne zilizochaguliwa kwa kupishana tabia, huu wa kusugua sahani, ule wa kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, humpima mchezaji kwa ujumla wake. Aliyekwama kwenye dan ya 7 anajua kwamba ni wimbo wa tatu unaomwangusha, anajua wimbo huo unadai nini, na anajua la kufanya kesho yake. Huzuni ipo, lakini ina anwani.

Marekani ilipita njia nyingine. Guitar Hero, mchezo uliotengenezwa na Harmonix na kutolewa na RedOctane mwaka 2005, uliwalenga watu wa sebuleni ambao hawakuwa wamewahi kugusa mashine za Kijapani, na ulikuwa na madaraja manne. Daraja la kwanza lilitumia vitufe vitatu vya gitaa la plastiki, la pili vinne, la tatu vyote vitano, na hapo ndipo wengi walipokwama, kwa sababu iliyo wazi: mkono ulioshika shingo ya gitaa una vidole vinne vya kubonyezea, na kitufe cha tano, cha rangi ya machungwa, humlazimu mtu kuuhamisha mkono mzima huku nota zikiendelea kuja. Guitar Hero II ya mwaka 2006 ilileta sehemu ya mazoezi ambamo kipande cha wimbo hurudiwa kwa mwendo wa polepole, na Rock Band 2 ya mwaka 2008 ikaongeza chaguo la kucheza bila kushindwa kabisa. Runinga mpya za skrini bapa zilileta udhia wake, kwani nyingi zilichelewesha picha, hivyo mchezaji akapigwa faini kwa kosa la runinga mpaka alipourekebisha mchezo uendane nayo. Gitaa za plastiki hazikudumu. Activision, iliyokuwa imeinunua RedOctane, ilivunja kitengo cha Guitar Hero mwezi Februari 2011.

Nchini Japani, kwa upande mwingine, ngazi ya beatmania IIDX iligota. Daraja la 12 lililowekwa mwaka 2005 limebaki ndilo la juu, lakini watunzi hawakuacha kutunga, na mamia ya chati zimerundikana humo, baadhi zikiwa ngumu kuliko nyingine kwa kiasi ambacho mtu huweza kuzishinda za chini na asiziguse za juu kwa miaka mitatu minne. Anayepambana na daraja la 12 anaelezwa na mashine kwamba yuko juu, naye haoni dalili ya kuwa juu. Wachezaji wakachukua kazi ya kupima ugumu mikononi mwao. Wamezigawa chati za daraja la 12 katika majedwali yao, wakizitenga zinazodai nguvu ya msingi, ambayo wao huiita jiriki, kutoka zile ambazo ugumu wake hutegemea mchezaji mwenyewe, umbo la mkono wake na alivyozoea, nazo huwekewa alama ya kojinsa, yaani tofauti ya mtu na mtu. Jedwali la namna hiyo humwambia mtu kwamba chati iliyomshinda kwa miezi huenda haikuwa zamu yake, na kwamba ziko nyingine kumi alizopaswa kuzipitia kabla.

Wamehifadhi pia maarifa kuhusu kuse, kasoro inayoota mkononi kwa kuurudia wimbo uleule ukiwa umekwama, mpaka vidole vikakariri kosa na kulirudia hata pale macho yanapoona sawasawa. Dawa wanayopeana ni kuuacha wimbo huo kwa majuma au miezi, kucheza nyingine, au kuwasha chaguo linalochanganya mpangilio wa vitufe ili mkono usipate la kukumbuka, kisha kuurudia baada ya kosa kusahaulika.