Kabla ya minofu kulikuwa na dagaa

Ukitaja biashara ya samaki wa kwetu, watu huwaza ndege. Inatua Mwanza, inapakia minofu ya sangara, inaruka kwenda Ulaya. Filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004 iliikomelea picha hiyo vichwani, hadi Rais Kikwete akailaani hadharani mwaka 2006. Tulibishana sana kuhusu ndege na mapanki. Lori la dagaa hakuna aliyelitaja.

Tuanzie Ujiji. Burton na Speke walifika pale Februari 1858. Shuleni tulifundishwa kuwa Ujiji ilikuwa ya pembe za ndovu na watumwa, na ni kweli. Lakini jamani, watu hawali pembe! Sokoni kulikuwa na samaki, na chumvi ya Uvinza ilisambazwa kandokando ya Ziwa Tanganyika. Dagaa akianikwa juani anakuwa mwepesi, anabebeka, wala hahitaji barafu. Ndiyo maana aliweza kusafiri na msafara.

Huku Ziwa Victoria, sangara alipandikizwa na wakoloni miaka ya 1950, akatawala ziwa miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vikafuata miaka ya 1990. Pembeni ya viwanda hivyo ikakua biashara ya kayabo: sangara anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa. Mlaji wake mkubwa ni Mkongomani. Hata jina lina harufu ya huko, maana Kinshasa samaki wa chumvi huitwa makayabu. Nenda soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, uone magunia ya dagaa na kayabo yanayosubiri safari ya Kongo, Rwanda na Burundi.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vikayumba, mvuvi wa sangara akaumia. Lakini mama mwenye dagaa wake hakuwa na mteja Brussels. Mteja wake alikuwa jirani.

Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, viongozi walisema soko jipya limefunguka. Jipya kwa nani? Wauza kayabo walishaingia Jumuiya zamani, bila kusaini karatasi.

Hapa ndipo ninapoumia. Tani za minofu zinahesabiwa uwanja wa ndege, ila magunia mengi ya dagaa huvuka mpaka bila kuandikwa popote. Asiyeandikwa hasikiki. Akitozwa mara mbili njiani, au mzigo wake ukiozea mpakani, hakuna takwimu ya kumtetea.

Wenye mama au bibi aliyeuza dagaa Kigoma, Musoma au Bukoba, muulizeni alikuwa anawapeleka wapi, na kwa njia gani. Yaandikeni majibu yake kabla hayajapotea.