Nani Mvivu? Daraja la Miguu na Umbo la Barabara ya Thika

Kila mtu anapogongwa akivuka Barabara ya Thika, maelezo huja haraka: daraja lilikuwapo, hakulitumia. Kauli hii imegeuka kuwa nadharia ya usalama barabarani nchini Kenya, na juu yake hujengwa nyua za katikati ya barabara na misako ya polisi dhidi ya wanaovuka chini. Kosa lake liko mwanzoni kabisa. Inalichukua umbo la barabara kama jambo lisilohojiwa, kisha inabaki na mwananchi kuwa kitu pekee cha kurekebishwa.

Kwamba waendao kwa miguu ndio wengi miongoni mwa wanaouawa barabarani, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye sababu. Wanaotaja ujinga, haraka, hata utamaduni, huacha kupima daraja lenyewe.

Daraja lazima lipishe malori chini yake, yapata mita 5.5; ukiongeza unene wa sakafu, mpita njia anapanda kama mita 6. Kwa vipandio vya sentimita 15, hivyo ni 40 kupanda na 40 kushuka. Kwa mteremko unaomfaa mtumiaji wa kiti cha magurudumu, yaani kimo cha mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo, ni mita 72 kila upande. Barabara ya njia nane, pamoja na ukingo wa katikati, ina upana wa takriban mita 35. Basi anayepita juu kwa mteremko huo hutembea mita 179 ili avuke 35: zaidi ya mara tano. Hapo bado umbali wa kulifikia daraja, giza la jioni, na gunia la viazi la mama anayetoka sokoni Githurai. Kwenye barabara hiyohiyo, makutano ya Pangani yalisanifiwa ili dereva asisimame. Mama huyu ameongezewa dakika mbili kila avukapo, na ndiye anayeitwa mvivu.

Watasema huwezi kuweka kivuko cha milia mbele ya magari yaendayo kilomita 80 kwa saa. Kweli, huwezi. Lakini mwendo huo haukushuka kutoka mbinguni. Umechorwa na wasanifu. Nishati ya mgongano hupanda kwa mraba wa mwendo, hivyo gari la 80 hugonga kwa nishati mara nne ya lile la 40. Dar es Salaam, vituo vingi vya mabasi ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro vimekaa katikati ya barabara tangu 2016, na abiria huvifikia kwa kuvuka chini. Mfumo huo una aibu zake, ila kuvuka huku chini si mojawapo.

Sehemu zisizo na makazi, daraja halina ubaya. Lakini Githurai na Roysambu ni mitaa iliyokatwa vipande viwili na barabara hii. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inawahakikishia wenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa kadiri inayofaa. Daraja la vipandio vitupu, kwa maoni yangu, linaivunja.

Dakika za madereva huhesabiwa kwa makini mkopo wa barabara unapotetewa. Za wapita njia zihesabiwe kwenye jedwali hilohilo. Nashuku madaraja mengi yasingefaulu mtihani huo, na huenda hata njia nane zenyewe.