Istilahi na Usikivu wa Pamoja katika Ujifunzaji wa Ushairi wa Kiswahili

Makala haya yanadai kwamba taaluma mpya hujifunzwa kwa wepesi pale ambapo wanaojifunza wanakielekea kitu kimoja na wana maneno mamoja ya kukitaja. Mfano wetu ni historia ya uhakiki wa ushairi wa Kiswahili.

Barazani, shairi lilighanwa na wote wakasikiliza kwa pamoja; kina kilichopotoka kilitambuliwa na sikio. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliipanua baraza hiyo. Wasomaji waliotengana kwa mamia ya maili walilisoma shairi lile lile na kujibizana kwa tungo. Usikivu wa pamoja ulikuwapo. Kilichopungua ni maelezo ya kumwongoza mgeni wa fani. Mwaka 1954, Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Hakuyabuni maneno vina, mizani na ubeti, bali aliyafafanua, hata asiyelelewa Lamu wala Mvita akaweza kujifunza.

Yamkini mtu atasema kwamba istilahi hizo zilikuwa pingu. Historia yaonyesha vingine. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mjadala kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulipamba moto. Lakini pande zote mbili zilibishana kwa maneno yale yale: anayevikataa vina hana budi kuvijua. Palipo na msamiati wa pamoja, hata ubishi hufundisha.

Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na istilahi zikaingia darasani kwa wingi. Hapa ndipo penye tatizo. Mwanafunzi huorodhesha ukwapi, utao, mwandamo na ukingo pasi na kulisikia shairi likisomwa kwa sauti. Aidha, mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti huitwa kibwagizo na huyu, kiitikio na yule, na wanafunzi wakadhani hayo ni mambo mawili.

Kwa kuhitimisha, istilahi bila shairi ni ufunguo usio na mlango. Shairi bila istilahi ni mlango ambao kila mtu huubisha peke yake. Mwalimu na alighani kwanza, darasa lisikilize, ndipo alitaje jina la kilichosikika.