9-0 ya Gelsenkirchen: kosa la kocha, la wachezaji, ao la nani?

Hapa Kamatanda, kila mara ekipe yetu inapopigwa, kunakuwa kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema: "Kocha njo mubaya, bamufukuze!" Kambi ya pili inajibu: "Hapana, ni bachezaji. Beko bavivu, banapenda tu makuta." Watabishana mpaka usiku, na kesho yake kila mutu anabaki na lake.

Mimi naomba leo turudi nyuma, kwenye kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya mupira wetu: tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Yugoslavia 9, Zaïre 0. Kama kuko mechi moja inayoweza kutufundisha namna ya kutafuta mwenye kosa, ni hii. Na inatuhusu sisi watu wa Katanga kwa karibu, kwa sababu kipa aliyetolewa siku ile, Kazadi Mwamba, na beki aliyechekwa na dunia nzima, Mwepu Ilunga, wote walikuwa watu wa Mazembe ya Lubumbashi.

Kwanza tujue ekipe ile ilikuwa nini. Haikuwa ekipe ya bule. Englebert, yaani Mazembe ya leo, ilikuwa imechukua kombe la vilabu la Afrika mwaka 1967 na 1968. Vita Club ya Kinshasa ililichukua mwaka 1973. Bwanga Tshimen wa Mazembe alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka huo huo wa 1973. Machi 1974, kule Misri, Zaïre ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika kwa kuipiga Zambia. Fainali ya kwanza ilikuwa 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, ikawa 2-0. Mabao yote manne ya Zaïre yalifungwa na Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga 9, na rekodi hiyo ingali yake. Ekipe hiyo njo ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara kuingia Kombe la Dunia.

Na kocha? Blagoje Vidinić alikuwa Myugoslavia, kipa wa zamani, aliyechukua medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960 kule Roma. Alikuwa ameshaipeleka Morocco kwenye Kombe la Dunia la 1970. Kwa hiyo alijua kazi.

Sasa tuangalie tarehe, maana mwanahistoria anaanzia hapo. Zaïre ilicheza mechi tatu kwa siku tisa. Tarehe 14 Juni ilipigwa na Scotland 2-0. Tarehe 18 ikapigwa na Yugoslavia 9-0. Tarehe 22 ikapigwa na Brazil 3-0. Brazil ile ilikuwa bingwa wa dunia, na ilihitaji mabao matatu ili ipite mbele ya Scotland.

Kocha ni yule yule. Wachezaji, karibu wote ni wale wale. Kama kocha hakujua kazi, mbona Scotland walipata mawili tu? Kama wachezaji hawakujua mupira, mbona Brazil walihangaika mpaka dakika ya 79 kupata bao la tatu? Basi swali la kweli si "kocha ao wachezaji." Swali ni hili: kitu gani kilibadilika kati ya tarehe 14 na tarehe 18?

Kilichobadilika ni makuta. Mwepu Ilunga alieleza miaka mingi baadaye kwamba baada ya mechi ya Scotland walipata habari kuwa prime zao, yale malipo waliyoahidiwa, hawatayaona. Wachezaji wakakataa kucheza. Mwishoni waliingia uwanjani, lakini roho haikuwa pale. Dakika ya 18 ilikuwa tayari 3-0.

Halafu kunakuja jambo la pili. Dakika ya 21 Kazadi alitolewa, akaingia Tubilandu, kipa mfupi, mpira ukiwa bado haujamgusa siku ile. Muda kidogo tu na bao la nne likaingia. Hapo njo watu wengi walianza kusema Vidinić ameuza mechi kwa ndugu zake Wayugoslavia. Uvumi huo ungalipo mpaka leo. Lakini Vidinić baadaye alieleza kwamba amri ya kumtoa Kazadi haikuwa yake. Ilitoka kwa mjumbe wa wizara aliyekuwa pamoja na ekipe. Fikirieni: kocha aliyekuwa kipa maisha yake yote, anabadilishiwa kipa na mutu wa ofisi!

Jambo la tatu ni mwamuzi. Dakika zile zile, wachezaji walimzunguka mwamuzi kulalamika, mmoja akampiga teke kwa nyuma. Kadi nyekundu alipewa Ndaye Mulamba. Ndaye alisema si yeye, na Mwepu alikuja kukubali kwamba ni yeye aliyepiga. Kwa hiyo Zaïre ilicheza zaidi ya saa moja na watu kumi, bila mfungaji wake bora, kwa kosa la mutu mwingine.

Sasa tugawanye lawama kwa haki. Mimi siwezi kusema wachezaji hawana kosa lolote. Teke lile lilikuwa kosa, na aliyelilipia ni ndugu yake. Vidinić naye hawezi kutoka mikono mitupu: kocha akipokea amri ya namna ile na kunyamaza, ameweka kazi yake mikononi mwa mwingine. Lakini makosa hayo ni madogo mbele ya kosa la tatu, la wale waliokuwa na sanduku la makuta na nguvu ya kuamuru. Hao hawakuvaa jezi, hawakukaa kwenye benchi, na majina yao watu hawayakumbuki.

Kuko mutu atasema: "Lakini mchezaji akivaa jezi ya taifa, acheze, hata kama hajalipwa." Ndugu yangu, sisi ni watoto wa Likasi. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapa, mji ukiitwa bado Jadotville, na kule Élisabethville. Walitaka mshahara. Kule Élisabethville askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mupira, watu wengi wakafa. Hakuna mutu hapa leo anayewaita wavivu. Basi mbona mfanyakazi wa mupira tunamhukumu kwa sheria nyingine? Ile ya Gelsenkirchen ilikuwa mgomo. Mgomo mbaya, uliofanyika mbele ya dunia nzima, lakini mgomo.

Kisha kulikuja vitisho. Mwepu alisema kwamba watu wa ulinzi wa Mobutu walifika hotelini wakawaambia: mukifungwa na Brazil zaidi ya matatu, hamutarudi nyumbani. Sasa angalieni tena ile picha. Zimebaki dakika chache, Brazil wana mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu anatoka kwenye ukuta mbio na kuupiga mpira mbali. Akapewa kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya walicheka: "Hawa Waafrika hawajui hata sheria." Kwa miaka 50 picha ile inapitishwa kama kichekesho. Mutu aliyekuwa bingwa wa Afrika mara mbili na klabu yake ya Mazembe, tuamini kwamba hakujua mpira wa adhabu ni nini? Mwepu mwenyewe alisema alijua vizuri. Alikuwa amekasirika, hakuona sababu ya kuendelea kuumia kwa faida ya wengine.

Yaliyofuata yanaonyesha nani alilipa deni. Oktoba mwaka ule ule serikali ilipata makuta ya kuwaleta Ali na Foreman Kinshasa. Wachezaji walisahauliwa. Ndaye Mulamba alipigwa risasi ya mguu na majambazi katika miaka ya 1990, akakimbilia Afrika Kusini, akaishi kwa shida. Mwaka 1998 watu walitangaza amekufa, na kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso wakasimama kimya kumwombea, kumbe bado mzima. Alifariki kweli mwaka 2019. Mwepu alikuwa amefariki Kinshasa mwaka 2015.

Kwa sisi tuliosoma, somo liko wazi. Kesho wengine wetu njo tutakuwa makatibu wa vilabu, wahasibu, wajumbe wa wizara. Hatutavaa jezi, lakini tutashika karatasi za malipo. Ekipe ikipigwa, kabla ya kuuliza kocha alipanga nini ao beki alilala wapi, tuulize: walilipwa? Nani aliamua nani acheze? Majibu ya maswali mawili haya yakiwa safi, basi hapo tuanze kubishana juu ya kocha na wachezaji. Yakiwa machafu, ubishi wetu unawafurahisha tu wale waliokula, kwa sababu tukiwa tunatazama uwanjani, hakuna anayetazama ofisini.