NGOME ILIYOKUWA UKINGONI MWA MAJI

Akina mama wenzetu, pamoja nanyi mliotuunga mkono, tunaposherehekea miaka 10 ya kikundi chetu tumeona si vyema kuhesabu shilingi peke yake. Tukumbuke na mui wetu wa Lamu.

Leo ukishuka gatini, sharti uingie ndani kidogo mpaka Mkunguni ndipo uifikie Ngome. Lakini ilipojengwa, Ngome ilikuwa ukingoni mwa maji. Basi ilikuwaje?

Karibu mwaka 1812 Wamazrui wa Mombasa pamoja na watu wa Pate walitushambulia Shela. Wazee walitusimulia kwamba maji yalikupwa, majahazi yao yakapwelewa, wakashindwa. Tulishinda, lakini tukaogopa kisasi. Ndipo wakubwa wa Lamu wakamwendea Seyyid Said bin Sultan wa Omani awalinde. Ulinzi ukaja, na liwali naye akaja. Ngome ikakamilika karibu mwaka 1821, na Lamu haikujitawala tena.

Baadaye Ngome ikawa jela, tangu 1910 hadi 1984. Sisi tuliokua wakati huo twakumbuka: ukitumwa sokoni, pale pale kando ya ukuta, wapita mbio hutazami mlangoni. Siku hizi ni makumbusho, na wajukuu wetu huingia wakicheka.

Na ukingo wa bahari je? Huo hatukujengewa na sultani. Watu walimwaga taka na vifusi majini, siku baada ya siku, bahari ikasogea nyuma. Usita wa Mui, ambao leo uko ndani, zamani ulikuwa karibu na ufuo. Juu ya taka zile zikasimama nyumba za mbele, na ndipo tupitapo leo.

Twasema haya kwa sababu. Mwaka wetu wa tatu alitujia mtu na mkopo mkubwa, rehani yake hati ya nyumba ya mwenzetu. Tulibishana mpaka usiku. Tukakataa. Wenzetu watatu walikasirika wakatoka, na hawajarudi. Pengo lao twaliona kila mkutano. Milango yetu i wazi kwao.

Lakini ulinzi wa kuomba tuliujua bei yake tangu enzi za Ngome. Haba na haba, kama ule ukingo, ndiyo iliyotupa mahali pa kusimama.

Wenye bibi walio hai, waulizeni mambo haya mapema.