Upigaji picha wa vipepeo

Upigaji picha wa vipepeo ni tawi la upigaji picha wa wanyamapori linalohusu vipepeo walio huru katika mazingira yao. Wengi hutumia lenzi ya makro ya milimita 100 au zaidi, ili wasilazimike kumkaribia mdudu mno.

Ugumu mkubwa ni fokasi. Kwa umbali mdogo, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa na unene wa milimita chache tu. Kwa hiyo kamera huwekwa sambamba na mabawa yaliyokunjwa, na jicho hulengwa kwanza. Jicho likififia, picha imeharibika hata rangi ziwe za kupendeza vipi. Tundu la lenzi la f/8 mara nyingi hutosha. Kulibana zaidi huongeza unene wa sehemu iliyo kali, lakini pia huleta pichani vijiti na majani ya nyuma. Usafi wa mandharinyuma hutokana hasa na umbali: kusogea hatua moja kando, mpaka nyuma ya kipepeo pabaki kivuli au kijani cha mbali, kuna faida zaidi kuliko kununua lenzi ghali.

Vipepeo huhitaji joto ili waruke, hivyo asubuhi na mapema hutulia. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, vipepeo wa jenasi Charaxes huruka kwa kasi juu mitini, lakini hushuka kufyonza matunda yaliyooza. Madume wa spishi nyingi hukusanyika kwenye tope kufuata chumvi. Kumtia kipepeo kwenye jokofu ili apoe na kutulia humdhuru, na picha hiyo haistahili kuitwa ya porini.