Pilau ya Pwani na karafuu iliyoufukuza mpunga

Mgeni anayetembezwa mashamba ya viungo ya Kizimbani, Unguja, huonyeshwa mkarafuu, mdalasini, iliki na mpilipili manga. Akilishwa pilau baadaye, huamini kila kilichomo kimechumwa pale pale. Sivyo. Kiungo kinachoipa pilau harufu yake hasa, yaani bizari nyembamba, hakipendi unyevu wa visiwani. Huja kwa njia ya bahari, na soko lake kubwa liko Unjha, jimbo la Gujarat, India.

Mchele ndio mkongwe. Wanaakiolojia waliochuja udongo wa Pemba wamekuta punje zilizoungua zenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Huko Tumbe, makazi yaliyostawi kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, watu walikula zaidi uwele, na mchele ulikuwa kidogo tu. Chwaka ya Pemba, mji uliofuata jirani yake, mchele ukashika nafasi ya kwanza. Karne kadhaa baadaye Wareno wa Mombasa walikuwa wakitegemea chakula cha Pemba, mchele ukiwemo.

Lakini mchele si pilau. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa sinia la mbao lenye wali wa samli, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Wapo wanaotaka kuiona pilau katika sinia lile. Mimi siioni. Wali na mchuzi vilipikwa mbali mbali vikakutanishwa wakati wa kula, ilhali pilau hupikwa chungu kimoja: kitunguu kikaangwe mpaka kikolee rangi, nyama na viungo vifuate, kisha mchele uinywe supu yote, upaliwe makaa juu ya mfuniko. Ufundi huo ni wa Waajemi na Wahindi, na Pwani ilikuwa na watu wa kuuleta: wafanyabiashara wa Kigujarati, mabaharia wa Ghuba, askari wa Kibaluchi wa masultani wa Omani.

Karafuu, ambayo dunia nzima huitaja pamoja na Zanzibar, ilichelewa kufika. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kuitorosha miche hadi Mauritius mnamo 1770, na Zanzibar iliipata mwanzoni mwa karne ya 19. Sultani Seyyid Said aliponusa faida yake, aliwashurutisha wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Ardhi nzuri ikageuka misitu ya mikarafuu, watumwa kutoka bara wakaletwa kuihudumia, na kisiwa kilichokuwa kikiuza mchele nje kikaanza kuununua India. Kiungo kikaufukuza mpunga shambani, kisha vikakutana tena jikoni. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo.

Bara nako kuna historia yake ya mashaka. Mchele wa pishori wa Mwea, unaopendwa sana Kenya, unalimwa katika skimu ambayo mifereji yake ilichimbwa kwa jasho la mahabusu wa enzi za Mau Mau katika miaka ya 1950. Tanzania husifu mchele wa Kyela, na kwa haki kabisa: unanukia hata kabla ya kutiwa kiungo. Viazi mviringo, vyenye asili ya Amerika Kusini, ni wageni chunguni, ingawa mtoto wa Dar es Salaam atakununia ukivisahau.

Kwa hiyo anayejigamba kwamba pilau yake ndiyo ya asili na ya jirani ni ya kuiga, aulizwe kwanza bizari yake imetoka wapi. Nawe unayepika nyumbani, usiipe karafuu heshima kuliko umri wake. Kwa kilo moja ya mchele punje tano zinatosha, zikizidi zinatia uchungu. Bizari nyembamba ndiyo isifanyiwe ubahili: vijiko viwili vya chakula, isagwe siku hiyo hiyo.